Wimbo wa Mwenye Kofia

Sijamsamehe. Nianze hapo, usije ukasubiri mpaka mwisho ukidhani nitalainika. Nimezeeka, magoti yananiuma kila mvua ikikaribia, wajukuu wananiambia nikae kitako nitulie. Lakini yule nyapara sijamsamehe, na nikisikia mahali msumeno unalia kwenye mti, hasira inapanda upya kama uji uliosahauliwa motoni.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Uhuru. Mimi na ndugu yangu mkubwa tulikuwa tumetoka kwetu magharibi kuja Nairobi kutafuta kazi. Tukapanga Kawangware, yeye na mkewe chumba kimoja na mimi cha pembeni, tukaandikwa vibarua wa kufyeka msitu wa serikali ulio upande ule wa jiji. Katikati ya msitu ilipita njia ya stima, nguzo kwa nguzo, na nyaya zake zilikwenda kuwasha taa za Hurlingham. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha hakuna mti unaozikaribia. Vichaka tulifyeka kwa panga. Mikaratusi mirefu iliyosimama kando ya njia tuliiangusha wenyewe, kabla upepo haujaiangusha mahali pabaya.

Kuangusha mti karibu na waya si kama kuangusha mti shambani kwa babu yako. Kwanza mtu anapanda na kufunga kamba huko juu. Kisha mnachonga mdomo kwenye shina, upande mnaotaka mti uangukie, yaani mbali na waya. Halafu msumeno unaingia kwa nyuma, na wakati huo kikosi kizima kiko kwenye kamba, kinavuta. Kila mtu akivuta kwa wakati wake, mti unayumba, unageuka, na ukigeuka hauna rafiki. Lazima mvute pamoja, na dawa ya kuvuta pamoja ni wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na pale pale wanapoitikia ndipo mikono inavuta.

Mwanzishaji nilikuwa mimi. Sijisifu, sauti nilipewa tu. Na kwetu mwanzishaji ana ruhusa ambayo hata chifu hana: anaweza kumtia mtu yeyote ndani ya wimbo. Mchoyo anatiwa, mvivu anatiwa, aliyemkimbia mke wake anatiwa. Wala hana haki ya kukasirika, kwa sababu ni wimbo wa kazi, na kazi lazima iende. Anayekasirika anaimbwa zaidi.

Ndugu yangu hakuwa mtu wa maneno. Yeye alikuwa na ngoma. Kila Jumapili kanisani kwetu Kawangware alivaa sare nyeupe, shemeji amempigia pasi mpaka kola inasimama, anajifunga ngoma kifuani na kuongoza watu barabarani. Nimewahi kumwona akipiga huku amefumba macho, machozi yanamtoka, wala hajui. Pombe hakuwahi kuonja, hata busaa ya sherehe nyumbani. Kanisa lenyewe lilikuwa kali: mtu akinuka pombe anavuliwa sare, na kama ni mpiga ngoma, ngoma anapewa mwingine.

Sasa nyapara. Huyu alitoka upande mwingine wa nchi, lugha yetu hakuijua, tulisema naye Kiswahili. Alikuwa na kofia ngumu nyeupe, aliyoachiwa na Mzungu aliyekuwa akisimamia kazi kabla yake. Ile kofia, ala! Hakuivua hata akinywa chai. Nadhani alilala nayo. Sisi wengine tuliingia msituni vichwa wazi, matawi yanatushukia, yeye amesimama kwenye jua mahali pasipo na hata jani, kofia kichwani, akipiga kelele: "Harakisha! Harakisha nyinyi! Mnafikiri hii msitu ni ya mama yenu?"

Alikuwa akijenga Uthiru, na kwenye kiwanja chake alikuwa akichimba kisima. Kuchimba kisima kunahitaji kamba ya kuvutia udongo. Kamba nzuri, ndefu, ya katani, isiyokatika. Unajua mahali palipokuwa na kamba kama hiyo? Mimi pia najua.

Asubuhi moja tulifika tukakuta kamba haipo. Tukauliza. Akasema imepelekwa kutengenezwa. Tukasema basi leo tufyeke vichaka, mikaratusi ingoje. Akakataa. Mti uliokuwa ukingoja ulikuwa mkubwa, umeinama kidogo upande wa waya, na wakubwa walikuwa wamemwambia auondoe juma lile.

"Kata," akasema.

Ndugu yangu, ambaye alikuwa kwenye msumeno, akamwambia kwa heshima, "Bwana nyapara, bila kamba huu utarudi nyuma. Utaenda kwa waya."

"Upepo itausukuma. Wewe ni mkubwa wangu? Kata, ama uende nyumbani."

Nyumbani maana yake ni unga kumwagika. Vibarua tulikuwa tunaandikwa asubuhi na kufukuzwa mchana, hakuna wa kumlilia. Ndugu yangu akanitazama, akainama, akakata.

Mti ulifanya hasa alivyosema. Ulikaa juu ya kisiki chake kidogo, kama mtu anayefikiri, kisha ukarudi nyuma ukageuka. Uliangukia waya, cheche zikaruka, na tawi moja zito likamkuta ndugu yangu akikimbia. Likaugonga mkono wake wa kulia likauminya kwenye mzizi. Sitaki kueleza ule mkono. Alipiga yowe moja akazimia.

Tulikuwa tunahangaika kuliinua tawi nyapara alipokuja. Nilidhani anakuja kusaidia. Alitoa chupa ndogo mfukoni, chang'aa, harufu yake ilitufikia wote, akammwagia ndugu yangu usoni, mdomoni na kifuani. "Namzindua," akasema. Mimi mjinga nikaamini. Nikamshika ndugu yangu kichwa nikisema, "Amka kaka, amka," huku pombe inamtiririka shingoni hadi kwenye shati.

Hospitalini muuguzi akainama, akanusa, akakunja uso. Nyapara alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi mara hii, ameweka uso wa huzuni. "Nilimkataza," akasema. "Nilimwambia, leo umelewa, usishike msumeno. Hakusikia."

Lo! Nilimrukia. Watu wakanishika. Nikapiga kelele nikasema yote, kamba, kisima, chupa, na kila niliposema walizidi kunitazama kama mlevi wa pili. Jioni ile Hurlingham nzima ilikuwa haina stima, na wakubwa walitaka kujua ni nani aliyezima taa. Mkono wa mtu hakuna aliyeuulizia.

Waliukata chini ya kiwiko. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea, shati lake limekunjwa pale chini ya kitanda, halijafuliwa. Mzee mmoja akaliinua, akalinusa.  Akalirudisha, akaomba sala fupi, wakaondoka. Juma lililofuata walituma mtu kuchukua sare, na ngoma ikapewa kijana mmoja aliyekuwa akiipiga kama anayefukuza kuku.

Ndugu yangu angevumilia mkono. Hilo nalisema kwa sababu nilikaa naye. Alijifunza kula kwa kushoto, kufunga kamba za viatu kwa kushoto na meno. Lakini Jumapili asubuhi ngoma ilipopita barabarani aliingia chumbani akafunga mlango, na shemeji alikaa nje kwenye kigoda akichagua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Watu waliokuwa wakimwita kaka walianza kumsalimu kwa mbali. "Pole na yale mambo," wanasema, na unajua wanamaanisha chupa.

"Nitamfanya kitu yule mtu," nilimwambia.

"Mwachie Mungu, mdogo wangu," akasema. Kila mara hivyo. Mwachie Mungu. Ilinichoma zaidi kuliko kama angetukana.

Mimi sikumwachia. Niliapa kwamba yule mshenzi atakiona cha mtema kuni, na kwa sababu kazi yetu ilikuwa kutema miti, nilijua ni wapi nitamwonyesha.

Kwanza nilijaribu njia ya watu wastaarabu. Niliomba ruhusa siku moja, nikavaa shati langu la Jumapili, nikatembea hadi katikati ya jiji kwenye ofisi ya wakubwa wetu. Karani wa mlangoni akanisikiliza nusu dakika akaniambia mambo ya vibarua yanapitia kwa nyapara wao. "Lakini ndiye ninayemshtaki," nikasema. "Basi mwambie yeye akuletee," akajibu, na akaendelea kula mandazi yake.

Nikatoka nikasimama kando ya barabara, nimeshikwa na hasira mpaka nikawa sioni magari. Hapo palikuwa na mama mmoja mzee aliyeuza njugu, mtu wa kwetu, nilimtambua kwa salamu. Akatoka mle ofisini bwana mmoja, suti ya kijivu, tai, miwani, Kiingereza kinamtoka puani akiagana na mwenzake. Mkubwa mpya, nikaambiwa baadaye, aliyechukua nafasi ya Mzungu wa ofisini. Akapita kwa yule mama, akainama kabisa, akamsalimu kwa lugha yetu, lugha safi ya ndani, akamuuliza habari za mvua na za watoto kama mtu aliyelelewa jikoni kwetu.

Nilinunua njugu nikarudi Kawangware nikizitafuna. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimepata nilichohitaji, na kilichobaki ni kusubiri.

Kesho yake nilianza wimbo mpya. Kamba ilikuwa imerudi, bado ina udongo mwekundu wa kisimani. Wenzangu wengi walikuwa watu wa kwetu, na wale wachache wa kutoka mashariki niliwaeleza maneno pembeni, wakacheka mpaka wakakaa chini, wakaapa kunyamaza. Niliuimba kwa lugha yetu. Hapa nauweka kwa Kiswahili:

Kamba ilikwenda wapi? — Vuta! Ilikwenda kisimani!
Nani aliipeleka? — Vuta! Ni mwenye kofia!
Pombe ilitoka wapi? — Vuta! Mfukoni mwa mwenye kofia!
Na mkono uko wapi? — Vuta! Muulize mwenye kofia!

Nyapara alielewa neno moja tu, kofia, kwa sababu kwetu pia tunaiita hivyo. Alisikia kofia, kofia, kofia, watu zaidi ya ishirini wanaitaja kwa nguvu zao zote huku miti inaanguka mahali pake. Akaja kwangu ameinua kidevu.

"Hiyo kofia ni yangu?"

"Ndiyo, bwana nyapara."

"Mnasema nini juu yangu?"

"Tunasema mambo yako, bwana. Ulivyo."

Mungu wangu, alivyofurahi! Alijiona. Tangu siku hiyo hakutaka wimbo mwingine. "Imba ile yangu!" Tukikaa kunywa uji kwa shemeji, ambaye sasa alipika uji ukingoni mwa msitu ili wapate kula, nyapara anakuja anavumisha wimbo wake puani, anatingisha kichwa. Ndugu yangu alikuwa akikaa pale pale nyuma ya sufuria, akichochea moto kwa mkono wake mmoja, na alisikia kila neno. Hakucheka. Siku moja aliniambia, "Huo wimbo uuache." Nikamwambia, "Bado." Akarudisha macho kwenye moto.

Niliuimba msimu mzima. Niliupaka asali, nikautia sauti ya pili na ya tatu, mpaka ukawa mtamu kuliko nyimbo zote tulizowahi kuimba. Nilitaka umpendeze, awe anauota. Usiniambie huo ni ubaya. Najua ni nini, na nilikuwa nikiamka nao kwa raha.

Siku ikaja. Mkubwa wa miwani alifika na gari kukagua njia ya stima, viatu vinang'aa, akasema Kiswahili cha ofisini na Kiingereza tu. Nyapara alikuwa akimzunguka kama nzi. Akamwonyesha nguzo, akamwonyesha visiki, na mimi nimeshika kamba nikisema kimoyomoyo, itishe, mjinga wewe, itishe mwenyewe.

Akaitisha.

"Bwana mkubwa, kabla hujaenda, usikie vile hawa watu wanafanya kazi na furaha. Wamenitungia wimbo. Wewe! Imba ile yangu, na usikate hata neno moja!"

Sikukata hata neno moja. Niliimba kama sijawahi kuimba, na kikosi kikaitikia, na mti ukaja taratibu ukalala chini mbali na waya. Mkubwa alikuwa ameinua mkono kufuta miwani. Mkono ukabaki hewani.

"Huu wimbo unasema nini?" akamuuliza nyapara.

"Unanisifu, bwana. Hawa watu wananipenda sana."

"Hebu urudie," mkubwa akaniambia. Aliniambia kwa lugha yetu.

Nilimtazama nyapara usoni, sikutaka kukosa. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa kwamba mkubwa ameongea na mimi na nimemwelewa, na midomo yake ikaanza kuwa mikavu. Nikaimba polepole, na mkubwa akautafsiri kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, sauti ya chini kabisa, kama anayesoma hukumu. Kamba. Kisima. Pombe. Alipofika kwenye mkono akauliza, "Mkono wa nani?" Kikosi kizima kikageuka kutazama ukingoni mwa msitu, kwenye moshi wa uji.

Mkubwa alimvua kofia pale pale. Hakumpiga, hakumtukana, alinyoosha tu mkono akaitwaa. Akasema atamfuta kazi na kumpeleka polisi. Nyapara akaanguka magotini kwenye maranda ya mti, analia, anataja watoto wake.

"Kufutwa peke yake hakutoshi," nikasema. Sauti ilinitoka kabla sijaifikiria. "Ndugu yangu alivuliwa sare, kanisa zima likajua. Huyu aje kanisani aseme. Polisi baadaye."

Mkubwa akanitazama kidogo, akasema, "Jumapili."

Jumapili nyapara alikuja. Suti, kichwa wazi, na bila kofia alikuwa na kichwa kidogo cha ajabu. Kanisa lilijaa hadi nje, maana kikosi chetu chote kilikuja, hata wasiosali. Shemeji alikaa mbele. Ndugu yangu nilimburuta, hakutaka, alikaa nyuma kabisa karibu na mlango na mkono wa shati umepigwa pini.

Nyapara akasimama, akakohoa. "Wapendwa," akasema, "ninasikitika. Kulikuwa na ajali. Kulikuwa na kutoelewana kidogo..."

"Kutoelewana!" nikaruka. "Hatukukuita hapa kuhutubu. Imba!"

Mzee wa kanisa akainua mkono kunituliza. "Imba!" nikasema tena. "Wimbo wako. Uliupenda. Uimbe kwa Kiswahili kila mtu asikie."

 Wazee wakatazamana, nyapara akatazama viatu. Ndipo niliposikia mtu anatembea kutoka nyuma. Alikuwa ndugu yangu. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akasimama mbele ya yule kijana wa ngoma, akanyoosha mkono. Kijana akajivua mshipi, akampa. Ndugu yangu akaiweka ngoma juu ya kiti, akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto, akaanza kupiga. Haikuwa ngoma ya kanisa. Ilikuwa mdundo wa kamba.

Nyapara akaimba. Sauti ilikuwa mbovu, inakatika. "Kamba ilikwenda wapi?" Na kikosi chote kutoka kila pembe: "Vuta! Ilikwenda kisimani!" Alipofika kwenye pombe alishindwa, akafunika uso, lakini ngoma haikumngoja, na watu wakaitikia wenyewe, hata akina mama, hata yule mzee aliyenusa shati. Shemeji alikuwa amesimama, kanga imemwanguka mabegani, analia na kuitikia.

Wimbo ukaisha. Ngoma haikuisha. Nyapara akatazama huku na huku, akaona hakuna njia, akaanza upya. Wakaitikia. Ukaisha tena. Ngoma ikaendelea. Mara ya nne, ya tano, sijui, watu walianza kuchoka, wengine wakainamisha macho, na yule mtu mbele alikuwa ameloa jasho, sauti imebaki mkwaruzo. Mimi niliyekuwa nimekula na kulala na kisasi kwa msimu mzima, nikajikuta nimeshiba. Nikaenda mbele nikamwekea ndugu yangu mkono begani.

"Yatosha, kaka," nikamwambia. "Mwachie Mungu."

Aligeuza uso akanitazama. Macho yalikuwa makavu kabisa, na kijiti hakikusimama.

"Mti haujaanguka," akasema. "Vuta."